Mkwe Haamshwi

Mwalimu Gaudensi alijua kuamka kwa Kiingereza kwa namna nne. Kuamka kwenyewe, kule kwa kutoa miguu kitandani na kukanyaga sakafu, hakukujua hata kwa namna moja, lakini hilo hakuna mtu wa Laela aliyelifahamu mpaka Jumatano moja ya mwezi wa nane. Na wa kwanza kulifahamu alikuwa Avelina, mama mkwe wake, ambaye kati ya watu wote waliopo duniani ndiye hasa hakutakiwa kulifahamu.

Mwalimu alikuwa amefika jana yake kwa basi la kutoka Sumbawanga, na bahasha ya kaki yenye vyeti vyake na viatu vyeusi alivyovifunga kwenye gazeti visishike vumbi. Mzee Zubery, yule mwenye maduka mjini na malori yanayokwenda mpaka Kasesya, alikuwa amefungua shule ya sekondari pembeni ya barabara kuu pale Laela, na alitaka mwalimu wa Kiingereza. Walioomba walikuwa watano. Kila mmoja angesimama mbele ya kidato cha kwanza na kufundisha neno moja, maana yake na matumizi yake, na wote walipewa neno lilelile ili wapimwe kwa mizani moja. Neno lenyewe lilikuwa 'awaken'. Atakayeshinda angepata kazi na nyumba ya mwalimu: vyumba viwili, jiko, na bati jipya.

Mwalimu aliitaka kazi. Avelina aliitaka nyumba, na aliitaka kuliko mwalimu alivyoitaka kazi. Adela, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi saba kule Sumbawanga, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Katika chumba hichohicho alikuwa ameshapoteza watoto wawili. Mara zote mbili uchungu ulimshika wakati mumewe yuko tuisheni anafundisha, naye Adela akaanguka peke yake mlangoni, na mara zote mbili Avelina alipanda basi la kwanza asubuhi akakuta wanatoka makaburini. Kutoka kwake hadi nyumba ile ya mwalimu ni umbali wa kupeleka uji ukafika bado unachoma. Alishaupima kwa miguu yake, mara tatu, akijifanya anatafuta mbuzi.

Basi jioni ile ya Jumanne mkwe akapokelewa kama mkwe. Akachinjiwa jogoo, akasongewa ugali wa ulezi, akapewa chumba cha mbele chenye godoro nene na mablanketi matatu, maana baridi ya Ufipa mwezi huo haina utani. Alikula na baba mkwe wake, Theodory, sebuleni. Avelina alibaki jikoni, nyuma ya ukuta, kama ilivyo desturi ya ukoo ule. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawazungumzi moja kwa moja. Miaka minne tangu harusi hawakuwahi kubadilishana neno isipokuwa kupitia mdomo wa Theodory, na Theodory alikuwa mjumbe wa hovyo, mwenye kusahau nusu ya ujumbe na kuongeza ya kwake.

Lakini ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba, na mwalimu alikuwa na sauti ya ubaoni.

"Mwingereza si mtu wa mchezo, baba," alikuwa anasema, huku anavunja paja la jogoo. "Sisi tuna kuamka tu. Kuamka, basi, tumemaliza. Mwenzetu ana 'wake', ana 'awake', ana 'waken', halafu ana 'awaken'."

Theodory akatafuna kidogo. "Kwani wao wanalala mara nne?"

"Hapana, baba. Ni matumizi. 'Wake' ni ya kila siku, ya kuamka ukaenda kupiga mswaki. 'Awaken' ni neno zito. Hilo ni la mambo makubwa. Unaweza ku-awaken taifa. Unaweza ku-awaken ari ya watu, au mapenzi yaliyolala."

"Na mtu aliyelala kitandani?"

"Na yeye unaweza, lakini pawe na jambo. Ni neno la vitabuni, baba. Huwezi kulisikia jikoni."

Jikoni, Avelina alikuwa anakwangua ukoko wa ugali, akaanza kuhesabu kwa vidole. Kulikuwa na kuamka. Kulikuwa na kudamka, ambako yeye alikuwa anakufanya tangu ana miaka saba. Kulikuwa na kurauka, kugutuka kama unaposikia ng'ombe kwenye mahindi, na kuzinduka kwa mgonjwa aliyezimia. Kulikuwa na kuzindua, kazi ambayo siku hizi viongozi huifanyia mabomba ya maji. Na kulikuwa na kuamkia wakubwa, ambako Mwingereza, kwa kadiri alivyowaona mapadre wa kizungu, hakuwa nako kabisa. Mkono mmoja ulijaa, akahamia wa pili, na Kifipa alikuwa hajakigusa. Hakusema kitu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, na hata angeulizwa ingebidi ajibu kupitia kwa Theodory.

"Kesho unaondoka saa ngapi?" Theodory aliuliza.

"Usaili ni saa tatu. Wenzangu wanatangulia tangu saa mbili, mimi ni wa mwisho. Saa kumi na moja nitakuwa macho, napitia somo langu."

"Na simu umeiacha kwa Faruk inachajiwa."

Ilikuwa kweli. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatatu, na Faruk, mwenye duka pale stendi, ndiye aliyekuwa na sola.

"Simu ya nini, baba? Mimi huamka mwenyewe. Tangu nimekuwa mtu mzima sijawahi kuamshwa na mtu. Ni akili tu, ukishaizoesha." Akagonga paji la uso wake kwa kidole, kuonyesha mahali saa ilipofichwa.

Avelina alilala akiwa na imani. Ni mwalimu, alijiambia, na mtu hawezi kulifahamu jambo kwa lugha ya kigeni kwa namna nne akashindwa kulifanya kwa ya kwake.

Saa kumi na mbili asubuhi yeye alikuwa ameshafagia, ameshakamua, ameshabandika maji ya mkwe ya kuoga. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa umefungwa. Amekesha anasoma, alifikiri, amejipumzisha kidogo, na hiyo ni haki yake. Saa moja maji yakapoa, akayabandika tena. Saa moja na nusu yakachemka mpaka yakapungua, akaongeza. Ndipo alipokaribia dirisha na kusikia mkoromo, mzito, wa mtu asiye na deni na mtu yeyote.

Theodory alikuwa kwenye kigoda karibu na moto, ndani ya koti lake la kijeshi ambalo hakuwa amelipata jeshini.

"Baba Adela. Mwamshe mwenzio."

Theodory akamtazama kana kwamba amemwambia amwibie padre sadaka. "Mkwe haamshwi."

"Usaili ni saa tatu."

"Hata ungekuwa saa ngapi. Kumwamsha mkwe ni kumwambia ametosha, aondoke. Umesahau ya Ignasi?"

Hakuwa amesahau, asingeweza. Theodory aliisimulia kila Krismasi. Ignasi alikuwa mkwe wa babu yake Theodory. Alfajiri moja ng'ombe waliingia shambani, wakamwamsha aje kusaidia. Ignasi akasaidia kufukuza ng'ombe, akanawa miguu, akamchukua mke na watoto, akaondoka kwenda Ilemba na hakurudi tena, hata msibani. Aliambiwa aondoke, naye akaondoka. Tangu hapo katika ukoo ule mkwe angeweza kulala mpaka nyumba iungue, na watu wangesimama nje na ndoo za maji, wanamsubiri kwa adabu.

"Basi nimtume mtoto wa Mama Mathias akagonge," Avelina alisema.

"Ukimtuma mtoto umetuma mdomo wako. Ni yaleyale."

"Kwa hiyo tunafanya nini?"

"Ataamka mwenyewe. Amesema mwenyewe ana akili iliyozoeshwa."

Sasa, desturi ilikataza kumwamsha mkwe. Haikukataza kelele. Avelina akaleta kinu karibu na dirisha la chumba cha mbele na kuanza kutwanga. Hakukuwa na kitu ndani ya kinu. Alitwanga kinu kitupu mpaka Mama Mathias, jirani yake, akatokeza uani kuuliza anatwanga nini asubuhi yote hii, akaambiwa ulezi, akachungulia, akaona, akarudi kwake taratibu. Kisha Avelina akaangusha sufuria. Akaokota, akaangusha na mfuniko wake. Theodory akatoa mchango wake wa kikohozi, na kwa kweli alikohoa kwa moyo wote, mpaka machozi yakamtoka. Mkoromo ukasita. Wote wawili wakashika pumzi. Mkoromo ukaendelea, na sasa ulikuwa umetulia zaidi, kama mtu aliyegeukia upande wenye joto.

Mwisho Avelina akamgeukia mbuzi aliyefungwa chini ya dirisha, maana kuzungumza na mbuzi wako hakuna aliyekukataza. "Mbuzi wewe," alisema kwa sauti, "umelala hapo na saa mbili imepita. Wenzako wa kutoka Tunduma na Mpui wameshafika shuleni, wamevaa tai. Wewe endelea tu." Mbuzi akamtazama kwa makini sana. Kati ya wanafunzi wa asubuhi ile, ndiye peke yake aliyesikiliza.

Saa mbili na nusu akampigia Adela kwa simu yake ya kitochi, iliyokuwa imebakiwa na mstari mmoja wa chaji.

"Mwanangu, mumeo bado amelala, na baba yako anasema mkwe haamshwi."

Adela alicheka. "Mama, si umwite tu baba amvute kidole."

"Kidole gani?"

"Cha mguu. Kidole gumba, mguu wa kulia. Huyo hata umpigie ngoma hasikii. Mimi miaka yote minne namvuta kidole, halafu natoka mbio nje kuchota maji. Akifumbua macho hanioni. Anadhani ameamka mwenyewe."

Avelina alikaa chini kwenye kinu. "Na hukuwahi kumwambia?"

"Anafurahi sana kuamka mwenyewe, mama. Ningemwambia ili iweje?"

Avelina akafikisha ujumbe. Theodory akauliza kama wanamwona yeye ni mtu wa kushikashika miguu ya wakwe, katika umri wake, katika boma lake, na akageuza kigoda kikatazama upande wa shamba.

"Baba yako hataki," Avelina alisema kwenye simu.

Kimya kilikuwa kirefu mpaka akadhani chaji imekwisha. Halafu Adela akasema, kwa sauti ndogo ambayo Avelina hakuwa ameisikia tangu msiba wa pili, "Mama, mimi naogopa. Sitaki kuzalia humu ndani tena. Kila nikipita mlangoni pale naona." Na hapo ndipo simu ilipozimika kweli.

Avelina akainuka. Akajifunika kitenge kichwani na usoni, akaacha jicho moja, jicho la kutazama njia. Theodory aliposikia mlango wa chumba cha mbele unalia bawaba aligeuka, akafungua mdomo, lakini mke wake alikuwa ameshaingia mahali ambapo kwa miaka minne hakuwahi kupafagia mkwe akiwepo.

Alikwenda ameegemea ukuta, uso kwenye udongo, anapapasa. Mguu ulikuwa umechomoza nje ya blanketi. Aliomba ule wa kulia uwe ndio huo. Akakishika kidole gumba kwa ncha za vidole viwili, kama unavyoshika kaa la moto, na akakivuta.

"Adela," mwalimu alisema ndani ya usingizi, "leo usiweke sukari nyingi."

Akavuta tena, kwa hasira, maana sasa alikuwa na hasira. Kisha akageuka atoke mbio kama Adela alivyofundisha, akakanyaga viatu vilivyofungwa kwenye gazeti, akapepesuka, kitenge kikadondoka. Mwalimu Gaudensi akafumbua macho akamwona mama mkwe wake, kichwa wazi, hatua mbili kutoka miguuni pake.

Mwalimu alijifunika blanketi kichwani, na Avelina akaokota kitenge akatoka. Dakika tatu baadaye mwalimu alipita uani na shati lililofungwa vifungo kombo, hakunawa, hakuamkia mtu, akakimbia kuelekea barabarani huku anavaa koti. Maji ya kuoga yalikuwa yanachemka kwa mara ya nne.

Bahasha ya vyeti aliiacha juu ya godoro.

Avelina aliiona, na kama moyo wake ungekuwa na adabu ya Theodory angeiacha palepale. Aliichukua akafuata. Theodory hakumzuia. Alikuwa anatazama shamba, midomo inamchezacheza, na bila shaka alikuwa anapanga namna ya kuisimulia Krismasi ijayo.

Shuleni hakuthubutu kuingia. Alisimama nje ya darasa, pembeni ya dirisha, kwenye mabaki ya mchanga wa ujenzi. Ndani wanafunzi walikuwa wamekaa wanne wanne, wamechoka. Nyuma yao, kwenye viti vya plastiki, walikaa Mzee Zubery mwenyewe, binti yake Kulsumu aliyekuwa mkuu wa shule, na Mzee Eustaki, Mfipa wa pale Laela, aliyewekwa kwenye kamati kwa niaba ya wazazi. Mwalimu Gaudensi alikuwa mbele, anahema.

"Saa tatu na dakika kumi na nane," alisema Kulsumu, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Samahani, madam. Vyeti vyangu... nimevisahau."

"Kwa hiyo umeleta nini?"

Mzee Zubery akainua mkono. Alikuwa mtu wa biashara, na asubuhi yake ilikuwa imeshaharibika. "Mwache afundishe. Ila ndugu yangu, nikuombe kitu kimoja. Wenzako wanne wamepita hapa. Wote wanne wamewaandikia watoto hawa kwamba kelele zilimwamsha mtoto mchanga. Tangu saa mbili mtoto huyo ameamshwa mara nne, na sidhani kama mama yake anatupenda. Wewe tupe mfano wako."

Mwalimu akashika chaki. Avelina alimwona anatafuta, macho juu, kama mtu anayetafuta kuku gizani. Taifa halikuja. Ari ya watu haikuja. Mapenzi yaliyolala yalikuwa yanaendelea kulala. Somo lote aliloliandaa lilikuwa limebaki kwenye mto, na kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu kilichotokea asubuhi ile. Akaandika sentensi ndefu ubaoni, akaisoma, na Avelina hakuielewa. Kisha akaitafsiri.

"Asubuhi hii mama mkwe wangu ameniamsha."

Kalamu ya Mzee Eustaki ikaanguka na hakuiokota. Halafu mkono wa msichana mmoja ukanyooka mbele.

"Mwalimu, aliingia ndani?"

"Aliingia."

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala. Akanivuta kidole cha mguu."

Walicheka mpaka madawati yakasogea. Kulsumu, ambaye alizaliwa mjini kwenye duka na hakujua mambo ya ndani ya watu, alitazama huku na huku akitaka kuelezwa. Lakini mwalimu hakucheka. Alisubiri watulie, na Avelina, kwa jinsi uso ulivyokuwa unamwaka, alitamani wasitulie kamwe.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Lipo neno jepesi la kuamsha. Ningeweza kulitumia kama ningeamshwa na jogoo. Lakini mama mkwe haingii chumbani kwa mkwe. Nyie mnajua. Hata nyumba ikiungua haingii. Kwa hiyo akiingia, lipo jambo kubwa. Na kwa jambo kubwa tunatumia hili." Akalipigia mstari 'awaken' mara mbili. "Nani hajaelewa?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Siku ile watoto arobaini na tatu wa kidato cha kwanza walilielewa neno lile kuliko neno lolote la Kiingereza waliloletewa tangu wazaliwe. Avelina akampa mlinzi bahasha, akarudi nyumbani kwa njia ya shambani ili asikutane na watu.

Haikusaidia kitu. Watoto arobaini na tatu walikwenda kula mchana kwao, na kila mmoja alikuwa na mdomo. Saa nane Mama Mathias alikuja kuomba chumvi, na kopo lake la chumvi lilikuwa limejaa. Jumapili baada ya misa, wanawake wa jumuiya walimpisha Avelina njia kwa heshima kubwa mno, wakakaa nyuma yake wananong'ona. Alizeeka na aibu ile kwa siku nne. Alikuwa amezaa, amepoteza wajukuu wawili, hajawahi kugombana na mtu kwa maneno machafu, na sasa alikuwa amekuwa mfano wa sentensi.

Kazi mwalimu aliipata. Mzee Zubery alisema hajali mtu kalala wapi na kaamshwa na nani. Wanafunzi waliulizwa neno lile baada ya siku mbili, wakalijibu wote, na yeye alikuwa amelipia matokeo. Mkataba ulikuwa na sharti moja la kufika kwa wakati.

Ungedhani basi mtu angekuja na hata sukari kilo mbili, ashukuru. Mwalimu Gaudensi alimtuma Mzee Eustaki. Eustaki alikaa sebuleni, akazungukazunguka kwa habari za mahindi na bei ya mbolea, kisha akafika. Mkwe amevunjiwa heshima. Hana kinyongo, hasha, ila mambo ya desturi hayaachwi hivihivi. Anaomba kuku mmoja anayetaga, na pombe ya ulezi kidogo, ili kidole kisafishwe.

"Ni haki yake," alisema Theodory.

Avelina alisikia yote kutoka jikoni. Alitaka kucheka na alitaka kumwagia mtu maji ya moto, na hakufanya lolote. Alikwenda bandani, akamkamata tetea mwekundu, yule aliyekuwa anataga kila siku hata wakati wa baridi, akamfunga miguu, akamkabidhi. Wangemwomba mbuzi angetoa mbuzi. Alichoumia si kuku. Aliumia kwamba mtu ambaye yeye alimvuta kidole ili apate nyumba alikuwa amedai kulipwa kidole.

Wiki mbili baadaye Adela aliletwa na lori la Mzee Zubery lililokuwa linakuja kubeba mahindi. Alikaa mbele na dereva, tumbo mbele yake, godoro na ndoo nyuma. Nyumba ya mwalimu ilikuwa bado inapakwa chokaa, kwa hiyo siku ile angelala kwao. Avelina alimpokea. Alimnawisha miguu, akampa uji, akamtandikia chumba cha mbele, kwenye godoro lile lile, mablanketi yale yale. Adela alisema tangu mwezi wa pili wa mimba hajalala usingizi wa kueleweka, kila akifumba macho anagutuka. Akajilaza tu anyooshe mgongo. Avelina alikaa mlangoni anachambua maharage, na punde si punde akasikia pumzi ya binti yake inakwenda taratibu, inarudi taratibu. Akaacha kuchambua, maana maharage yalikuwa yanalia kwenye ungo.

Saa nane na nusu mwalimu akaingia uani kutoka shuleni, viatu vyeusi vinang'aa, madaftari kwapani, sauti yake ya ubaoni imemtangulia.

"Adela. Adela, funguo za sanduku umeweka wapi? Adela."

Avelina alisimama. Alisimama katikati ya mlango, kitenge kikiwa mabegani na uso wazi, akamtazama mkwe wake machoni. Theodory kwenye kigoda chake alisema, "Mama Adela," kwa sauti ya onyo, tayari kupokea ujumbe na kuufikisha. Hakupewa.

"Huyu haamshwi," Avelina alimwambia mwalimu.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia katika miaka minne, na hakupandisha sauti.

Mwalimu akatazama mlango. Akamtazama baba mkwe wake, ambaye ghafla alikuwa anatafuta kitu muhimu sana ndani ya mfuko wa koti. Akafungua mdomo, na ikaonekana wazi kwamba katika namna zake zote nne hakukuwa na ya kumsaidia. Basi akaweka madaftari chini, akakaa kwenye kinu, akaanza kufungua kamba za viatu vyake polepole, ili atakapopita uani asitoe mlio.